UZI: Miaka 8 ya Obama kama seneta wa jimbo la Illinois, kipindi ambacho wengi tunakiruka

Wakuu, heshima kwenu.

Stori ya Obama ikiletwa humu huwa inakwenda hivi: baba Mluo wa Kogelo, mama Mzungu wa Kansas, utoto wa Hawaii na Indonesia, ghafla hotuba ya Boston 2004 kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, halafu Ikulu. Katikati panaachwa pengo kubwa. Kuanzia Januari 1997 hadi Novemba 2004 huyu bwana alikuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo la Illinois, chombo chenye wajumbe 59, kinachokaa Springfield, mji mdogo ulio takribani kilomita 320 kutoka Chicago. Akiwa na kiti hicho hicho aligombea nafasi kubwa zaidi mara mbili. Mara ya kwanza alipigwa vibaya. Mara ya pili alishinda kwa kishindo. Mimi naamini Obama tuliyekuja kumjua alitengenezwa Springfield, na hotuba ya Boston iliwaonyesha tu watu kitu kilichokuwa kimeshaiva. Uzi ni mrefu, vumilieni.

ALIKOTOKA KABLA YA SIASA

Alifika Chicago Juni 1985 akiwa hajafikisha miaka 24. Kazi yake ilikuwa kuwakusanya wananchi wa upande wa kusini mwa jiji, maeneo kama Roseland, ambako viwanda vya chuma vilikuwa vimefungwa na wanaume wamebaki mitaani bila ajira. Taasisi iliyomwajiri ilifadhiliwa na makanisa na mshahara ulikuwa wa kujikimu tu.

Tukio la kuangalia kwa karibu ni lile la Altgeld Gardens, nyumba za serikali za kupangisha, zimezungukwa na madampo ya taka na maji machafu. Wakazi waligundua kwamba uongozi unatafuta mkandarasi wa kuondoa asbestosi (malighafi ya ujenzi yenye sumu) kwenye ofisi ya meneja. Wakauliza swali la kawaida kabisa: na kwenye nyumba zetu tunamolala na watoto je? Swali hilo likawapandisha basi hadi makao makuu ya mamlaka ya nyumba, na waandishi wa habari wakafuata. Haki isemwe hapa, kuna mama anaitwa Hazel Johnson, mkazi wa pale pale, aliyekuwa ameshaanza kupigania mazingira ya mtaa huo miaka kadhaa kabla Obama hajafika. Jina lake husahaulika sana na inauma.

Mwaka 1988 akaenda Harvard kusoma sheria. Mwaka 1990 akachaguliwa kuongoza jarida la sheria la chuo hicho, mtu mweusi wa kwanza kushika nafasi hiyo. Makampuni makubwa ya sheria yangemlipa chochote, lakini alirudi Chicago. Mwaka 1992 akasimamia kampeni ya kuandikisha wapigakura, na zaidi ya watu 100,000 wakaandikishwa. Novemba ya mwaka huo Carol Moseley Braun akashinda na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Seneti ya Marekani. Kikumbukeni kiti hicho, tutakirudia. Oktoba 1992 alimwoa Michelle Robinson, akaanza kufundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, na baadaye akajiunga na ofisi ndogo ya mawakili wa haki za kiraia.

KITI CHA KWANZA, NA PINGAMIZI

Sehemu hii wapenzi wa Obama hawapendi kuisimulia.

Mwaka 1995 seneta wa jimbo wa eneo lake, Alice Palmer, aliamua kugombea Bunge la Marekani. Obama akatangaza nia ya kurithi kiti hicho Septemba, kwa baraka za mama huyo. Novemba ukawa mwezi mzito. Mama yake mzazi alifariki kwa saratani tarehe 7, na mwisho wa mwezi Palmer akabwagwa kwenye kura za maoni na Jesse Jackson Jr. Palmer na watu wake wakamwomba Obama apishe ili mama arudi kwenye kiti chake. Akakataa.

Palmer akachukua fomu kwa haraka na kukusanya saini za wadhamini. Zilihitajika 757, akarudisha zaidi ya 1,500. Timu ya Obama ikakaa na daftari la wapigakura kukagua jina kwa jina: huyu anuani siyo, huyu hakujiandikisha, huyu jina limeandikwa kwa herufi kubwa badala ya saini. Pingamizi likapita. Palmer akajitoa, wagombea wengine watatu wakaenguliwa kwa mtindo huo huo, na kijana aliyepata umaarufu kwa kuandikisha wapigakura akapita kura za maoni bila kupingwa.

Kisheria hakuvunja chochote. Lakini wananchi wa eneo lile walinyimwa nafasi ya kuchagua, na mimi silipambi hilo. Anayetaka kumwelewa Obama aanzie hapo: chini ya ule utulivu kuna mtu anayetaka kushinda.

SPRINGFIELD

Alipoapishwa Januari 1997 chama chake cha Democratic kilikuwa wachache kwenye Seneti. Spika wa Seneti, Pate Philip wa Republican, ndiye aliyeamua mswada upi usomwe na upi ufie kwenye droo. Na hata wenzake weusi hawakumpokea kwa maua. Walimwona msomi wa Harvard anayeishi Hyde Park, mtaa wa maprofesa. Aliposimama kutetea mswada wake wa kwanza, Rickey Hendon wa upande wa magharibi mwa Chicago alianza kwa kumuuliza jina lake linatamkwaje. Miaka mitano baadaye, 2002, hao wawili nusura washikane mashati ndani ya ukumbi kwa sababu ya kura ya kupunguza bajeti ya kituo cha ustawi wa watoto kilichokuwa eneo la Hendon.

Alichofanya ni kujifunza watu. Jioni alikuwa anacheza karata za poka nyumbani kwa seneta Terry Link, pamoja na Denny Jacobs na wengine, wazee wa kizungu kutoka vitongojini, miji midogo na mashambani, pamoja na washawishi wa makampuni. Dau lilikuwa dogo. Wenzake wanasema alicheza kwa tahadhari, akiona karata mbovu anaziweka chini mapema. Akajifunza na gofu. Kwa mtu aliyekuwa anadharau siasa za vijiweni hiyo ilikuwa elimu, kwa sababu alikaa na watu ambao wapigakura wao hawafanani kabisa na wake na akajua wanachokiogopa.

Matunda yalionekana 1998. Paul Simon, seneta mstaafu aliyeheshimika, alipendekeza Obama ndiye awakilishe Wademokrati wa Seneti kwenye sheria ya maadili. Sheria ile ilipiga marufuku zawadi nyingi kutoka kwa washawishi na kuwazuia wanasiasa kutumia fedha za kampeni kwa mambo binafsi. Illinois ni jimbo ambalo magavana wamepelekwa jela, kwa hiyo mnaweza kufikiria alivyochukiwa na baadhi ya wajumbe. Ikapita.

KIPIGO CHA 2000

Akaona anachelewa. Mwaka 1999 akaamua kumvaa Bobby Rush, mbunge wa Marekani, kwenye kura za maoni za chama. Rush alikuwa kiongozi wa zamani wa Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, pale Illinois, na Februari 1999 alikuwa ameshindwa vibaya kugombea umeya dhidi ya Richard M. Daley. Obama akahesabu kwamba mzee amechoka. Michelle hakulipenda wazo hilo.

Oktoba 1999 mtoto wa Rush, kijana wa miaka 29, akauawa kwa risasi. Kampeni ikabadilika sura, nani atamshambulia baba aliyefiwa? Desemba Gavana George Ryan akaita kikao cha dharura kupitisha sheria ya kudhibiti silaha. Obama alikuwa Hawaii na familia, binti yake Malia mwenye miezi 18 akaugua, akabaki. Mswada ukakwama kwa kura chache na yeye hakuwepo. Magazeti yakamchana. Rush akamnanga kwamba haki za weusi amezisoma vitabuni tu, na mgombea mwingine, Donne Trotter, akadai watu wa mitaani hawamuoni kama mwenzao. Rais Clinton akamuunga mkono Rush redioni.

Machi 2000 matokeo yakatoka: Rush asilimia 61, Obama 30.

Agosti akasafiri kwenda mkutano mkuu wa chama Los Angeles. Uwanja wa ndege kadi yake ya benki ikakataliwa alipotaka kukodi gari. Mkutanoni hakuwa na kitambulisho cha kuingia ukumbini, hotuba akaziangalia kwenye runinga za korido, na akaondoka kabla mkutano haujaisha. Miaka minne tu baadaye alikuwa mzungumzaji mkuu wa mkutano huo huo.

MIPAKA MIPYA NA MWAKA 2003

Jambo lililomwokoa halikuwa na mvuto wowote wa televisheni. Mwaka 2001 mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilitakiwa kuchorwa upya baada ya sensa. Vyama havikuelewana, na kwa katiba ya Illinois mkwamo huo unamalizwa kwa kuchota jina, bahati nasibu kabisa. Democratic wakashinda. Eneo la Obama likanyooshwa kuelekea kaskazini kufuata ziwa hadi katikati ya jiji, likachanganya weusi wa kusini na matajiri wa kizungu, wachangiaji wakubwa wa kampeni.

Oktoba 2, 2002, akiwa bado seneta wa jimbo tu, alisimama kwenye viwanja vya Federal Plaza, Chicago, akapinga kuivamia Irak. Alisema hapingi vita vyote, anapinga vita vya kipumbavu. Wakati huo wanasiasa wengi wakubwa wa chama chake walikuwa wanaunga mkono au wananyamaza.

Novemba 2002 Democratic wakapata wingi wa Seneti. Emil Jones, mwanasiasa mkongwe aliyewahi kuwa mkaguzi wa mifereji ya maji machafu ya jiji, akawa spika. Jones mwenyewe amesimulia kwamba Obama alimfuata akamwambia: sasa una nguvu ya kumtengeneza seneta wa Marekani. Jones akauliza unamfikiria nani. Akajibu: mimi.

Obama akapewa uenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii, na miswada ikaanza kutoka mfululizo. Bima ya afya ikapanuliwa kwa watoto wa familia maskini. Nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini ikafanywa ya kudumu. Polisi wakatakiwa kuandika rangi ya kila dereva wanayemsimamisha, ili ijulikane kama weusi wanaonewa barabarani.

Ila mswada wa kukaa nao ni ule wa kurekodi kwa video mahojiano ya polisi kwenye kesi za mauaji. Tangu adhabu ya kifo irudishwe mwaka 1977 hadi kufikia mwaka 2000, Illinois ilikuwa imewatekelezea adhabu hiyo watu 12 na kuwaachia 13 waliobainika hawakustahili kuhukumiwa kifo. Wengine walikuwa wamekiri baada ya kuteswa na polisi wa Chicago. Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, Gavana Ryan alifuta hukumu za kifo za watu 167. Polisi waliupinga mswada, waendesha mashtaka waliupinga, gavana mpya Rod Blagojevich naye alisema haungi mkono. Hata baadhi ya wanaopinga adhabu ya kifo waliogopa kwamba kuusafisha mfumo kutaifanya ionekane inafaa.

Obama aliwaita pande zote mezani, kikao baada ya kikao. Kwa polisi hoja yake ilikuwa kwamba video inamlinda na askari mwaminifu anayesingiziwa mateso. Akakubali wigo ubaki kwenye kesi za mauaji. Seneti ikapitisha bila kura hata moja ya kupinga, gavana akageuka na kusaini, na Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kuweka takwa hilo kwa sheria ya bunge. Kwangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya kabla ya urais, na watu wengi hawajawahi kulisikia.

MBIO ZA SENETI YA MAREKANI

Hapa nitakwenda haraka maana mnapajua. Kile kiti cha Moseley Braun kilikuwa kimechukuliwa 1998 na Peter Fitzgerald wa Republican, naye akatangaza hagombei tena. Wademokrati saba wakajitokeza. Blair Hull, milionea, alimwaga karibu dola milioni 29 za mfukoni kwake, akaporomoka nyaraka za talaka yake zilipowekwa wazi. Dan Hynes alikuwa na chama na vyama vya wafanyakazi. Machi 16, 2004 Obama akapata asilimia 53 dhidi ya wote. Mgombea wa Republican, Jack Ryan, naye akajitoa Juni baada ya nyaraka za talaka yake. Julai 27 ikaja hotuba ya Boston. Agosti Republican wakamleta Alan Keyes kutoka Maryland, na Novemba 2 ikaisha 70 kwa 27.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje.

---

Mchangiaji 1: Mkuu, shukrani kwa nondo. Ila umesema mwenyewe, wapinzani wawili waliangushwa na talaka zao. Huo si uwezo, ni zali.

Mleta uzi: Mkuu, bahati ilikuwepo tena kubwa, silibishi hilo. Lakini angalia ramani ya kura za maoni. Aliungwa mkono na wazungu wa vitongoji vya Chicago ambao mwaka 2000 hakuwa hata anawafahamu. Baadhi ya marafiki wa poka walikuwa maseneta wa maeneo kama hayo, na Terry Link alikuwa mwenyekiti wa chama wa wilaya ya Lake, kaskazini mwa Chicago. Hull akianguka kura zake zingeweza kwenda kwa Hynes. Zilikwenda kwa mtu aliyekuwa ameshajenga njia.

Mchangiaji 2: Ndugu mleta uzi, salamu kutoka Kisumu. Tusaidie: seneta wa jimbo ni kama MCA wetu, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, ama ni mkubwa kuliko hapo?

Mleta uzi: Karibu sana ndugu. Ni mkubwa zaidi kimamlaka. Bunge la jimbo Marekani linatunga sheria za jinai, linapanga kodi yake na linasimamia elimu na afya. Ndiyo maana suala la hukumu ya kifo lilikuwa mikononi mwao pale Springfield. Ila kwa umaarufu yuko chini, raia wengi hawamjui hata kwa jina. Tena kazi yenyewe si ya mwaka mzima. Obama aliendelea kufundisha chuoni na kufanya uwakili wakati wa mapumziko ya bunge.

Mchangiaji 3: Mbona hujagusia kura za "nipo"? Nakumbuka kwenye mbio za urais za 2008 kina Hillary Clinton walimkaba nazo kwamba mambo magumu alikuwa anayakwepa.

Mleta uzi: Dada, umefanya vizuri kulileta. Pale kwenye meza ya seneta kuna vitufe vitatu: ndiyo, hapana na nipo. Obama alibonyeza "nipo" karibu mara 130 kati ya maelfu ya kura. Mswada unahitaji kura 30 za ndiyo kupita, kwa hiyo kihesabu "nipo" inafanya kazi ya hapana. Kwenye miswada kadhaa ya utoaji mimba, ulikuwa ni mkakati uliokubaliwa na watetezi wa haki za wanawake, ili wajumbe wenye wapigakura wagumu wasichomwe peke yao. Hizo namtetea. Lakini zipo nyingine ambazo hakuwa na kundi la kulinda. Mwaka 1999 ulipigiwa kura mswada wa kuwashtaki kama watu wazima watoto wanaofyatua risasi karibu na shule, naye akabonyeza "nipo". Hapo naona alikuwa analinda rekodi yake ya mbele, na wapinzani walikuwa na haki ya kumuuliza.

Mchangiaji 1: Na hiyo miswada ya 2003, ni kweli yote ilikuwa yake? Nilisoma kwamba Emil Jones alikuwa anapora kwa wengine anampa yeye.

Mleta uzi: Malalamiko hayo yalikuwepo, na Hendon alikuwa mmoja wa waliolalamika. Alihangaika miaka na mambo kama haya ya ubaguzi barabarani chama kikiwa wachache, kilipopata wingi miswada ikabebwa na mtu ambaye spika alimtaka apande. Maumivu yake nayaelewa. Lakini kupewa mswada wa video na kuupitisha ni vitu viwili tofauti. Polisi na waendesha mashtaka hawakubadilika kwa amri ya Jones, kuna mtu alikaa nao akabishana nao kifungu kwa kifungu.

Mchangiaji 4: Shikamoo mkuu. Swali la mwisho kwangu: alipoondoka, kile kiti cha Springfield alikirithi nani?

Mleta uzi: Marahaba. Obama alijiuzulu siku chache baada ya uchaguzi wa Novemba 2004, na chama kikamteua Kwame Raoul, mwanasheria wa Chicago, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti. Raoul alikaa Seneti ya jimbo miaka 14, na mwaka 2011 alikuwa mmoja wa waliosukuma mswada wa kuifuta kabisa adhabu ya kifo Illinois. Tangu Januari 2019 ndiye Mwanasheria Mkuu wa jimbo hilo.